Bei Niliyoiapia Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Wamebandika! Mlangoni kwangu, kwa gundi, kama tangazo la mganga wa nguvu za kiume. "Nyumba hii itauzwa kwa mnada." Mke wangu alikuwa chumba cha mbele kwenye cherehani yake, anampima mteja kiuno. Mteja akasoma tangazo, akaaga, akaondoka na gauni lenye pini zote. Mke wangu hajalilia nyumba bado. Analilia pini.

Milioni sitini. Ndiyo fidia ya kumkashifu Bwana Zege, mkandarasi. Jina hilo nilimpa mimi gazetini na mji mzima ukalidaka — hata jaji wa kesi ile aliteleza akalitaja. Niliandika kwamba kuta alizojenga za wodi ya watoto ni mchanga uliopakwa rangi. Mhandisi aliyenipa habari alipanda kizimbani akasema hanijui. Hanijui! Mtu aliyekunywa chai kwenye kochi langu mpaka akalitoboa kwa sigara!

Dalali wa mahakama alikuwa na adabu, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Kanisalimia kwa mikono miwili. Kasema makala zangu anazipenda, hasa zile za kuwatandika madalali.

Jumatano, 5 Machi

Kwa wakili niliyesoma naye shule. Anasema imebaki njia moja: niiombe mahakama initangaze kuwa nimefilisika. Ombi likipokelewa dalali anasimama, na likikubaliwa, nyumba anamoishi mke na watoto sheria inaikinga. Nikashusha pumzi. Kisha akataja ada yake.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Yaani ili mtu athibitishe kwamba hana kitu, sharti kwanza awe na kitu! Ufukara nao una kiingilio! Nikamwambia Warumi wa kale walikuwa waungwana kuliko yeye, maana mdaiwa walimkatakata bure. Akacheka. Akasema, ndugu yangu, mdomo ndio ulioponza kichwa, usiupeleke tena peke yake mahakamani. Nikamjibu kwamba nimesoma vitabu vingi kuliko mahakimu wote wa mji huu wakijumlishwa.

Nitajifilisi mwenyewe!

Nimemweleza mke wangu. "Basi na lile jino linalokusumbua ling'oe mwenyewe," amesema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumamosi, 8 Machi

Fomu ni nene kuliko kitabu changu cha kwanza. Taja mali. Taja thamani. Taja unayemdai, taja anayekudai. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi magari, amekuja "kunisaidia" — yaani kuhakikisha yeye hasahauliki kwenye orodha ya wadai. Nimemwandika wa pili, baada ya Zege. Kaniuliza kwa nini si wa kwanza, wakati yeye ni ndugu.

Mke wangu anapita chumba hadi chumba akipaza sauti. Kochi, andika bovu. Redio, andika bovu. Meza — hapana, meza ni ya mama yangu, usiiguse! Kila kitu kimetajwa na hakuna chenye bei. Nusu karne nipo duniani, vyombo vyangu vimeenea ukurasa mmoja na nafasi imebaki. Nilikaa nikaitazama ile nafasi. Sikujua kama mtu anaweza kutukanwa na karatasi tupu.

Ndipo nikafika kifungu cha mali isiyoshikika. Hakimiliki na kadhalika.

Kalamu ikaamka! Makala zangu zote, zaidi ya mia tisa. Vitabu vitatu. Thamani? Shemeji akasema, andika sifuri, andika haraka twende zetu. Sifuri! Makala zilizowatoa mawaziri usingizini! Makala zilizosomwa kwa sauti kwa vinyozi na kwenye mabaa! Nikamwambia fundi wa breki hana la kuniambia kuhusu fasihi. Akasema sawa, lakini breki akifunga yeye, gari husimama.

Nimeandika milioni mia mbili. Nilifikiria mia tatu, nikaona nisijisifu.

Jumatatu, 10 Machi

Masjala ya mahakama. Foleni, feni mbovu, karani mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo. Ananiita mzee. Mimi, mzee! Kaniuliza wakili wako yuko wapi. Nikasema ndiye mimi. Na mteja wake? Ndiye mimi. "Basi mtakuwa mnasikilizana," amesema, na foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka. Sikutegemea.

Nimeapa kwamba yote niliyoandika ni kweli tupu. Mhuri umegonga — sauti tamu kama mlango wa gerezani ukifunguliwa. Dalali ameamriwa asimame mpaka siku ya kusikilizwa. Nimerudi nimebandua tangazo kwa maji ya moto na kijiko. Mteja wa pini amerudi mwenyewe, anataka gauni liishe kabla ya harusi. Mke wangu ameimba leo.

Bila wakili! Bila senti ya wakili!

Jumanne, 18 Machi

Ninaandika nikiwa nimesimama. Kukaa siwezi.

Imeletwa bahasha. Pingamizi la Bwana Zege. Aya moja tu, fupi, haina hata tusi. Mwombaji hajafilisika. Kwa kiapo chake mwenyewe ana mali ya milioni mia mbili, na madeni yake yote hayafiki sabini. Ni tajiri anayeichezea mahakama. Ombi litupwe, mnada uendelee.

Kwa kiapo chake mwenyewe!

Hawakubuni neno. Hawakunisingizia. Wamechukua namba yangu wakatoa namba yangu nyingine — hesabu ya darasa la pili! Mimi niliyewachambua mawaziri mstari kwa mstari, nimechambuliwa kwa kutoa tu.

Nimekimbia kwa wakili. Kasoma, kavua miwani, kacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Amesema ningeandika sifuri hakuna ambaye angezitazama makala zangu. Sasa nikiishikilia bei yangu, ombi linatupwa na nyumba inakwenda. Nikiikana, nimeapa uongo — tena maandishi yatakabidhiwa kwa msimamizi wa mufilisi ayauze kwa yeyote, kwa bei yoyote. Nikamwuliza, wewe ungefanyaje? Akasema yeye angemlipa wakili.

Mke wangu sijamwambia. Nimekaa karibu na cherehani, nikamshikia kitambaa. Akaniuliza naumwa nini.

Jumatano, 19 Machi

Kwa muuza vitabu, kutafuta ushahidi wa bei. Je, vyangu vinatoka? Sana, amesema. Vinatoka rafuni. Watu wanavisoma wamesimama, wanacheka, wanavirudisha.

Nimemwambia mke wangu yote. Hakugomba. Ningetaka agombe.

Alhamisi, 27 Machi

Ukumbi wa mahakama, nje, kwenye benchi. Tumepewa mapumziko. Lazima niandike kabla sijaanza kuamini kwamba nimeota.

Hakimu ni mwanamke mwenye sauti ya chini, inayomlazimu mtu kuinama ili asikie. Kaniuliza: thamani hii uliyoiapia, unasimama nayo? Nikaanza utangulizi. Thamani ya neno, Mheshimiwa, tangu enzi za — akanikata. "Ndiyo au hapana, mzee."

Nilikuwa nimekuja na hapana. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa! Lakini Zege ameketi mstari wa mbele, anajipepea. Nikaangalia anajipepea na nini. Kitabu changu cha pili!

Nikasema ndiyo.

Shemeji huko nyuma akatoa mguno kama gari lililokatika mnyororo. Nikamsubiri mwanasheria wa Zege aruke: itupwe, mnada! Hakuruka. Kasimama taratibu, kafunga kifungo cha koti, kasema mteja wake ameitafakari bei na ameona ni ya haki. Atanunua. Makala zote, vitabu vyote, leo hii. Deni la sitini lifutwe, na mia na arobaini iliyobaki ilipwe kabla benki hazijafungwa.

Nilishika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili.

Hakimu akauliza mteja anazitakia nini. "Kuzihifadhi, Mheshimiwa." Ku-zi-hi-fa-dhi! Ukumbi ukacheka, Zege akacheka, mimi peke yangu nikabaki na mdomo wazi. Masharti yakasomwa: zisichapwe, zisisomwe redioni, zisinukuliwe na yeyote, mimi nikiwa mmojawapo, pasipo idhini ya mmiliki. Na mmiliki ni yeye. Maneno yangu ya kumshtaki yeye — yake! Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini, nilisikia tu sauti yangu ikigonga dari.

Hakimu akangoja nimalize. Akasema: bei umeitaja wewe. Umeiapia mara mbili. Mnunuzi ameikubali bila kupunguza. Tatizo liko wapi?

Nimebishana na maaskofu, na mashehe, na maprofesa. Swali hilo lilinishinda.

Amenipa mapumziko haya nijibu moja: niuze, au niondoe ombi na dalali aendelee na kazi yake.

Zege kapita hapa benchini sasa hivi. Mara ya kwanza maishani kunisemesha. Kaniambia bila hasira yoyote, "Mwandishi, wote wanakusoma bure. Mimi peke yangu ndiye niliyekubali kulipa." Akaenda zake msalani.

Shemeji anazunguka kama mtu anayesubiri mke ajifungue. Mia na arobaini, shemeji, ananiambia! Mimi angenitaka ningemwuzia na jina langu, na la baba yangu juu yake! Ukuta ukianguka si utajengwa mwingine? Mke wangu akamtazama, naye akasogea mbali.

Kisha mke wangu akaniuliza, polepole, uzi bado umeng'ang'ania kwenye mkono wa gauni lake. Ile ya wodi ya watoto, nayo imo humo?

Imo.

Na wodi, wameihama?

Hapana. Imejaa.

Nikamwambia nyumba ni jasho lako kuliko langu, sema wewe, ukisema tuuze tunauza, ukisema tuache tunaacha. Akaniruka! Sijawahi kumwona hivyo tangu tuoane. "Wee! Mimi nitashona hata kwenye baraza za watu, nimeshashona. Lakini usije kesho ukaniandika kwamba mkeo ndiye aliyekuuzisha. Jibu ni lako, baba watoto. Lijibu."

Basi nimejitenga pembeni niandike hoja za kukataa. Nitamwambia hakimu kuna vitu vina thamani na havina bei. Nitamwambia kumnunua shahidi ni jinai hata kama shahidi ni karatasi. Nitamwambia kuhusu vitanda vile vidogo vilivyopangwa kando ya ukuta, nilivyoviona kwa macho yangu. Nitawaka. Najua kuwaka.

Nimetazama chini, ukingoni mwa ukurasa huu. Kuna maandishi. Bati la jikoni. Cherehani mbili, za umeme. Ada ya shule ya watoto, mwaka mzima. Shemeji — mlipe aondoke. Gari dogo, lililotumika. Na mbele ya kila kimoja, bei. Na chini, mstari, na jumla.

Mwandiko ni wangu. Sikumbuki kuandika!

Karani ametokeza mlangoni ameita namba ya kesi yetu. Shemeji kavaa viatu. Mke wangu ameshasimama, anajikung'uta nyuzi, ananiuliza kama nimemaliza.

Bado kidogo, nimemwambia. Hoja ni nyingi.