Kitufe Kilichojificha Jabe

Mtaa wa Jabe,
Bujumbura,
17 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Sikuzani,

Assalaam aleikum. Baridi ya huko Lyon inakutendeaje, na lile goti je? Sisi wazima, alhamdulillah. Kikohozi kimemwachia baba, na ameanza tena kugombana na redio, basi ujue amepona kweli.

Shangazi, mwanao niliumbuka! Mafundi cherehani wa soko letu walinipa kazi yangu ya kwanza: kuwajengea tovuti ya kuagizia nguo za harusi. Nilihangaika nayo wiki sita, na kwenye kompyuta yangu ilikuwa inang'aa. Siku ya kuionyesha, mkuu wao, Mama Khadidja, akaifungua kwa simu yake mwenyewe. Akakodoa macho weee! "We mutoto, mi sioni pa kubonyeza. Watu watabonyeza na pua?" Soko zima likacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe kila simu ina kivinjari chake, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na wengi hapa hutumia kile kinachobana data. Hicho kilikuwa kinasukuma kitufe cha "Agiza" nje ya kioo. Nami, kwa kiburi changu, nilikuwa nimejaribu kwangu tu. Mama Khadidja akanipa wiki moja, la sivyo kazi inavunjika.

Basi nikahamia kwa Shakuru, jirani yetu anayetengeneza simu. Simu zote za mtaa hupita mezani pake! Kila aliyekuja kuchukua yake nilimwomba anifungulie tovuti. Kwa huyu picha zimelala upande, kwa yule maandishi yamepandana. Nikawa narekebisha palepale, Shakuru akinitania bila huruma. Tulifikisha simu thelathini na moja.

Juzi Mama Khadidja akabonyeza, na oda ikaingia! Akanipa mkono mbele ya wote, akaniita fundi. Nililia, Shangazi, sikujali nani ananitazama.

Msalimie Adija na wadogo zake. Baba na Bibi Assia wanakusalimu sana. Mungu akulinde na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Sasa wanataka wateja wa Ulaya, na simu ya aina yako haijawahi kufika kwa Shakuru. Tafadhali ifungue tovuti, uniambie unachokiona. Usinifiche kwa mapenzi, maana Mama Khadidja hatanificha.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Raïssa