Gome na Ngumi

Jumatatu, 3 Juni

Rafiki yangu Kiroboto kaniletea picha sita kwa mpigo! Hatulii huyu, ndiyo maana jina la utani halijambanduka tangu shuleni. Magome, manyoya, nyasi, vyote kavigandisha kwenye mbao. Maonyesho ni Alhamisi, ukumbi wa maktaba. Kazi yangu: haiku moja, shairi la mistari mitatu, chini ya kila picha. Silabi tano, saba, tano. Sheria yetu ile ile: yeye haelezi, mimi siulizi. Naandika ninachokiona. Ya kwanza imenijia nikipinda suruali ya mteja:

Kiota tupu—
upepo unalala
ndani ya nyasi.

Safi! Nimejipigia makofi mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Picha ya mwisho inanitisha. Gome nene, limebonyea katikati, utomvu mwekundu umeganda kwenye nyufa. Nimeshindwa kushona. Nikaandika:

Gome jeusi—
ngumi imelipiga.
Mti kimya tu.

Kiroboto kaisoma mara mbili. Halafu kasema, iache hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Watu tele. Mume wa Kiroboto, shemeji yangu wa kutaniana na kuninunulia soda, kasoma haiku kwa sauti, ukumbi mzima unacheka naye. Kwenye gome kasita. Kanijia, kaniuliza taratibu: nani kakwambia? Nikasema hakuna, nimeona tu. Hakuamini. Mdomo ulibaki ukitabasamu, macho hayakuwamo. Mjinga mimi, hapo ndipo nilipoelewa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kamvunja Kiroboto vidole! Vitatu, mkono wa kulia, kwa nyundo ambayo mwenyewe Kiroboto hupondea magome. Anapiga huku anauliza: umemwambia nani mwingine? Na hakumwambia mtu! Miaka yote hiyo hata mimi hakuniambia!

Hospitali kamwambia muuguzi kaanguka bafuni. Muuguzi kamtazama, kisha kanitazama mimi. Nikasema, hakuanguka. Kiroboto akalia kwa kwikwi. Nimemleta kwangu. Nina hasira hata uzi siwezi kutunga.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda kuchukua nguo zake. Picha zote shemeji kazitia moto uani. Kanikaba koo, kanigongesha ukutani—Mshairi! Mshairi!—kila neno na pigo lake. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Nilifurahi. Naandika bila haya: nilifurahi.

Polisi wanasema hayo mambo ya ndoa, kayamalizeni nyumbani.

Jumapili, 9 Juni, asubuhi

Yuko mlangoni. Alianza kwa upole: shemeji, nimekuja kumchukua mke wangu, tuyamalize kifamilia. Sasa anapiga kwa bega. Bawaba ya juu imeng'oka skrubu. Majirani masikio wanayo, miguu hawana.

Kiroboto kabandika sufuria kubwa ya maji. Naandika haraka, mlango ukiwa bado umesimama. Maji yanatokota. Kwa mkono mmoja hawezi kuyaipua. Anasema niweke kalamu chini, nije nishike upande wa pili.