Nukta-mkato Yapigwa Marufuku

Jumanne, Suna

Bado nina hasira. Mara tatu nimemwambia mkuu wa chuo kwamba programu ya kuendesha seva yetu ina tundu. Kwenye kisanduku cha jina la seva, mtu akiongeza nukta-mkato (;) na amri yoyote, mashine inatii bila kumuuliza yeye ni nani.

"Madam, nani hapa Migori anajua mambo hayo?" akaniuliza leo mkutanoni.

Nikaandika kwenye kisanduku hicho mbele ya walimu wote: nukta-mkato, kisha amri ya kuzima. Seva ikazimika, na matokeo ya wanafunzi wote yamo humo.

Nilipoiwasha tena, nilidhani ataniruhusu kuweka toleo jipya la programu, lisilo na tundu. Badala yake akamgeukia karani, Mzee Ouma. "Kibodi zote zing'olewe hicho kitufe!"

Jioni Mzee Ouma akanijia na bisibisi yake kwa aibu. "Nyathina, mwanangu, nisamehe. Nimetumwa tu."

Akiwa ameinamia kibodi yangu, nilishika mausi nikaweka toleo jipya bila ruhusa. Wakijua, kazi sina.

Kesho mkuu atatangaza kwamba bisibisi imetuokoa. Nitapiga makofi.