Riwaya ya Mwaka Ambayo Haimo Kitabuni

Mshauri mpendwa,

Nimeficha jambo hili tangu mwezi wa sita, na sasa naomba unisaidie kabla sijalala udongoni: riwaya ambayo watu wangu wa hapa Baraka, kando ya ziwa, wameichagua kuwa bora kuliko zote tulizosoma mwaka huu haikuandikwa na mtu yeyote, haimo katika kitabu chochote, niliitunga mimi mwenyewe huku nimeshika kitabu mkononi na kugeuza kurasa nisizoziona.

Mimi ni mwalimu mstaafu, jina langu Placide, nakaribia miaka sabini, kifua kimeharibika, na muganga wa hospitali alimwambia binti wa ndugu yangu, akidhani sisikii, kwamba nisitegemee kuona mvua nyingine. Kila Jumapili saa kumi mchana watu hukusanyika barazani kwangu, wavuvi na nyavu zao za kushona, akina mama na nyungo zao za kuchambulia ndagala, vile visamaki vya ziwa letu, nami huwasomea riwaya za Kifaransa kutoka sanduku la vitabu la misioni. Naangalia Kifaransa, natamka Kiswahili, hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miaka kumi na moja, na kwa kuwa hapo hakuna ajuaye Kifaransa, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nisemacho ndicho kilichoandikwa.

Gazeti lako lilipowataka wasomaji watume majina ya riwaya tatu zilizowapendeza mwaka huu wa 1957, tulipiga kura kwa maharagwe katika makopo matatu. Mbili naweza kuziapia, maana nilizisoma kwa macho yangu kabla hayajafungwa na ukungu. Ya kwanza ni habari ya ndugu wawili wenye kinu cha ngano kinachozungushwa na mto, hawakusemezana miaka kumi na miwili kwa ajili ya mlango wa maji, na siku kaka alipozikwa mdogo akaenda kuufungua mlango ule mwenyewe, maji yakapita, na hapakuwa na mtu wa kumwambia asante; siku ile hata Henri, mvuvi ambaye hanyamazi, alisema tu, "Mwalimu, leo inatosha, tuache tupumuzike." Ya pili ni ya msichana mtumishi aliyejifunza kusoma kwa kuangalia maandishi ya makaburi alipokuwa akipeleka maua ya bibi aliyemtumikia, na kwa kuwa maneno aliyoyajua yalikuwa hayo tu, barua yake ya kwanza kwa mama yake ilianza, "Hapa amelala binti yako mpendwa." Akina mama walicheka hata ndagala zikamwagika, kisha mmoja akaanza kulia, na sikuuliza kwa nini.

Halafu macho yakaniacha. Leo naona mwanga wa mlango na umbo la mtu, basi. Barua hii naiandika kwa herufi kubwa nikifuata ukingo wa rula, unisamehe mistari ikipandana. Jumapili ile ya mwezi wa sita walikuja kama kawaida, wakaketi, nami nikashika kitabu cha tatu cha sanduku, ambacho mpaka leo sijui ni kitabu gani, nikaona haya kusema mwalimu amekuwa kipofu, nikafungua, nikaanza kusema. Nilisema habari ya wapagazi wawili wa vita, marafiki, mmoja akaugua njiani katika nchi ya mbali, mwenzake akaenda kutafuta maji, na aliporudi hakumkuta. Nikaipa jina Mtu wa Ng'ambo. Nilidhani itakuwa ya Jumapili moja. Ikawa miezi mitano.

Ingekuwa nimekaa lubunga, katika nyumba ile ambamo wanaume wa kwetu hukata maneno, nikaisema kama hadithi yangu, wangenibishia, wangeniuliza njia gani, mwaka gani, wewe ulikuwa wapi. Kitabu hawakukibishia. Walikaa tu, na nyuzi za nyavu mikononi.

Sasa nieleze habari ya Dorothée. Yeye ni mjane wa Fabien, hapana, ni mke wa Fabien, rafiki yangu niliyekwenda naye upagazi wa vita mwaka 1916, tukavuka ziwa, tukapanda njia ya Tabora na mizigo kichwani, nami nikarudi na yeye akabaki kule. Nilimwambia Dorothée hivyo siku niliyorudi, kwamba Fabien amebaki Tabora, amepata kazi. Alikuwa na mimba ya Félicité. Unajua desturi yetu, mshauri: pasipo habari ya kifo hakuna kilio, na pasipo kilio mwanamke hafunguliwi, ni mke wa mtu. Wanaume watatu walikuja kumposa, ukoo wa Fabien ukawarudisha, kisha wakaacha kuja. Mimi nilimfundisha Félicité kusoma na kuandika hapa nyumbani, bila malipo, kabla ya wasichana wengine wa hapa, na watu wakanisifu.

Dorothée hakukosa Jumapili hata moja. Nilikuwa nimekusudia yule mgonjwa aliyepotea afe mwishoni, kwa sababu hadithi ilidai hivyo, na Jumapili ya mwisho nilikuwa nimelifikia neno lenyewe, aliposimamisha ungo wake, nikasikia ndagala zimenyamaza, akasema:

"Mwalimu, usituzungushe. Ule mutu alirudia ao hakurudia?"

Nikasema alirudi. Nikasema alikuwa mzee, ameponywa na watu wema, amesahau njia kisha akaikumbuka, akateremka mtumbwini, na mkewe akamtambua kwa mwendo wake. Watu walipiga makofi. Georgette, yule muuza samaki wa jirani, akamtania: "We Dorothée, wako naye akirudia sasa utamupikia nini? Meno hana tena."

"Nitamupondea," Dorothée akasema. "Kazi yangu nini?"

Wakacheka wote, naye akacheka. Lakini juma lile alikuja peke yake, akaketi karibu nami, akasema, "Kama mu kitabu ile mutu alirudia, basi inawezekana. Mi nilikuwa mujinga, nilikaa tu kumungojea. Mi nitaenda kumutafuta." Amefunga mzigo wake. Mashua ya kwenda Kazimia, kusini kwetu kando ya ziwa, inaondoka baada ya Noeli, na kutoka huko atatafuta njia ya kuvuka ziwa mpaka Kigoma, kisha gari la moshi mpaka Tabora, mwanamke wa miaka sitini mwenye goti bovu, hamjui mtu hata mmoja kule. Félicité amemkataza, hasikii. Anasema mwalimu amesoma.

Ndiyo maana nakuuliza: je, inanipasa niwaambie watu kwamba riwaya ile si kitabu, au nikae kimya, niseme tu kwamba safari ni ngumu, na tutume majina matatu kama walivyochagua? Maharagwe karibu yote yalikuwa katika kopo la tatu. Sina nguvu nyingi. Jibu upesi.

Mwalimu Placide, Baraka

*

Mzee Placide,

Nakusalimu kwa heshima, kwa sababu umenizidi umri na pengine hata baba yangu umemzidi. Jibu hili nimelipeleka kwanza kwa mkono wa mtu atakayekusomea faraghani, ili likufike kabla ya Noeli. Sitachapisha lolote mpaka wewe mwenyewe uniambie.

Pole kwa macho. Kuona haya mbele ya watu uliowafundisha ni jambo la kibinadamu, na kama kosa lako lingekuwa hilo tu ningecheka nawe kidogo na kukwambia uwaombe radhi, nao wangekusamehe kabla hujamaliza sentensi. Kutunga si dhambi, na kwa nilivyosikia umetunga vizuri. Jina la tatu usilitume. Andika mawili, mahali pa tatu acha wazi. Hilo limekwisha.

Lakini mzee, si hilo uliloniandikia. Karatasi nzuri haipotezwi kwa kopo la maharagwe. Umeandika "mjane", kisha ukajisahihisha. Umesema hadithi ilidai mtu yule afe. Hadithi uliyoitunga mwenyewe inakudai nini? Umeniambia Fabien alibaki Tabora, umeniambia amepata kazi, wala hukuniambia kazi gani, kwa nani, wala nani alimwona akiifanya. Mtu aliyefundisha watoto kuandika kwa maisha yake yote hasahau mambo hayo. Anayaruka.

Nadhani ulitaka kumwambia mama yule ukweli kwa mdomo wa kitabu, ili kitabu kibebe aibu badala yako. Miezi mitano ulimsogeza karibu, na alipokuuliza neno moja tu, ukakimbia. Hapo hasa ndipo ulipomdhulumu. Miaka arobaini na moja ulimfunga kwa uongo mmoja. Mwezi uliopita ukamfunga kwa wa pili, tena huu una miguu, unamtoa nyumbani. Akifia njiani akimtafuta mtu ambaye wewe unajua hayupo, utasema ulikuwa mgonjwa?

Usinijibu kwamba utaungama kwa padiri. Ungama, ni vyema, lakini padiri hakupoteza mume.

Fanya hivi. Mwite Dorothée barazani kwako mchana, na Félicité awepo, maana Fabien ni baba yake. Usishike kitabu. Usianze kwa kuomba msamaha, kwa maana ukianza hapo atalazimika kukufariji wewe, naye ndiye mwenye msiba. Mwambie mahali, siku, na jinsi ilivyokuwa, ili ukoo wa Fabien uweze kuweka kilio na yeye afunguliwe, hata kama ni kwa siku chache za uzee. Akikuuliza, jibu alichouliza. Akikutukana, kaa. Akiondoka bila neno, usimwite. Na lolote litakalobaki moyoni ambalo hukulisema, hilo ndilo lenyewe, rudi ulilitoe.

Mashua haikungojei, wala kifua chako. Fanya juma hili.

Mshauri wako

*

Mshauri,

Anayeandika sasa ni Félicité, mimi Placide nasema tu. Unaweza kuchapisha yote, na jina langu.

Nilimwambia Dorothée siku ya Jumatano, mchana, mikono mitupu. Nilimwambia Fabien alikufa njia ya Tabora, siku nne kabla hatujafika, mwezi wa tisa. Kisha akaniuliza, "Placide, ulimuzika?" Nikasema hapana. "Nani alimufunga macho?" Nikasema sijui. Tangu aolewe na Fabien hakuwahi kuniita Placide, huniita mwalimu tu, au shemeji. Alinyanyuka, akasimama mlangoni, umbo lake nililiona, akasema, "Kazimia sitaenda tena. Lakini hujasema yote. Sema, na mutoto wake aandike." Akaenda kuwaita watu wa ukoo. Jana wameanza kilio.

Basi nasema. Mkono wa Félicité umesimama mara mbili, lakini ameniambia niendelee.

Fabien alishikwa na kuhara na homa. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Waliotuongoza walisema asiyeweza kubeba aachwe, na anayetaka kubaki naye abaki, hakuna atakayemlazimisha kuondoka. Walinitazama mimi, kwa kuwa walijua tumetoka pamoja. Katika kitabu changu nilisema yule rafiki alikwenda kutafuta maji. Mimi sikwenda kutafuta maji. Nilichukua mzigo wangu, nikachukua na blanketi lake, kwa sababu kulikuwa na baridi na nilijiambia kwamba amekwisha kufa.

Hakuwa amekufa. Nilipokuwa nimefika kwenye kona ya njia aliniita kwa jina, mara mbili, nami nilisikia.