Tuta la Karibu na Bomba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za mkeo ambaye sasa hivi yuko jikoni anaimba. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuacha, au bado unakibembeleza? Sisi tu wazima. Joto limeshaondoka, asubuhi kuna baridi, na nyanya zangu za mwisho zimegoma kuiva. Nimezipanga dirishani juu ya gazeti, pembeni ya cherehani, tunatazamana.

Uliomba habari za bustani. Haya. Ulipoondoka, Mama alimpa mkeo tuta la karibu na bomba, lile nililolilima mwenyewe tangu hujaota ndevu. Nilihamia kule nyuma kwenye mawe, nikajiambia wifi ni mgeni wa jembe, atachoka. Na kweli hajui kitu, mdogo wangu. Aling'oa karoti kuangalia zimefikia wapi, kisha akazirudisha ardhini na kuzipapasa kama anazilaza. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kicheko kiliniisha mwezi huu. Tuta lake limestawi, spinachi ina majani kama sinia, na maboga yametambaa hadi njiani. Jumapili tulipika kila mmoja chungu chake. Mchuzi wangu wa nyanya Mama aliuonja tu, akasema chumvi imezidi. Supu ya boga ya mkeo aliirudia, tena akapangusa bakuli kwa mkate. Wivu ulinikaba, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kisha asubuhi moja nikamkuta Mama, na yale magoti yake mabovu ninayoyakanda kila jioni, kayatia kwenye udongo wa tuta la mkeo, anapalilia. Mkeo kaketi kwenye kiti, anakunywa chai. Hasira zilinipanda. Nilimwambia Mama kwamba mimi sijawahi kusaidiwa kung'oa hata jani moja. Hakunigombeza. Alijifuta udongo, akanivuta pembeni.

"Mwenzio ni mjamzito, daktari amemkataza kuinama," aliniambia. "Tulikuficha kwa sababu tulijua utaumia."

Nimeumia, mdogo wangu. Unajua miaka niliyokaa kwa yule mwanamume nikisubiri mtoto, na jinsi nilivyorudi nyumbani na cherehani tu. Huruma yao ndiyo iliyonichoma zaidi. Tangu siku hiyo lile tuta nalipalilia mimi, kwa sababu magoti ya Mama hayana kosa. Mkeo ameacha kuniita wifi, sasa ananiita dada, na ameniomba jambo moja tu: nisikuambie. Anataka kukuambia mwenyewe siku utakayokuja, auone uso wako.

Ameniomba vizuri kabisa. Nami nimekaa hapa na kalamu, nikiwaza kwamba kila kizuri cha nyumba hii sasa kitatoka kwake. Nimetaka kimoja kitoke kwangu. Basi, nimekuambia.

Wasalimie wenzako wote kiwandani, na ujifunike vizuri, baridi isikurudishie kikohozi. Akikuambia, shtuka.

Ni mimi, dada yako