Basi la Arusha, Njia ya Gendabi

Baba,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini siwezi kukuandikia kikavu kama mtu anayeandikia ofisi. Huko uliko naamini umepumzika. Mimi huku sijapumzika.

Nimekaa Katesh, kwenye hoteli ya Mama Zaituni, meza ya dirishani. Chai imepoa mbele yangu. Nangoja basi la Arusha, ambalo lilitakiwa kupita asubuhi na hadi sasa halijaonekana. Nikitoka mlangoni hapa nikashika njia kwa miguu, jioni nitakuwa Gendabi, nyumbani kwako. Tangu asubuhi niko katikati ya safari hizo mbili, na mpaka naandika mstari huu sijajua nitakwenda ipi.

Nikueleze mambo yalivyo, maana uliondoka kabla hayajakaza hivi.

Kesho kutwa, huko Arusha, ni mtihani wangu wa mwisho wa bodi ya wahasibu. Limebaki somo moja tu, ukaguzi wa hesabu, lile lililoniangusha mwanzoni. Hii ndiyo nafasi ya mwisho ninayoruhusiwa. Nikiikosa, masomo yote niliyokwisha faulu yanafutwa, naanza upya kama mtu aliyejiandikisha jana. Na kule kazini kwangu, kwenye shamba la ngano, uongozi umetangaza kwamba asiye na cheti cha bodi hatakalia tena kiti cha mhasibu. Atarudi ukarani, tena akibahatika. Basi la leo likinipita, jingine litakuja mtihani umekwisha.

Na kesho kutwa hiyo hiyo, baba, wazee wanamaliza msiba wako na kugawa ng'ombe. Mimi ndiye mtoto wako mkubwa. Niliwaomba wasogeze siku mbili tu. Baba mdogo alinitazama kana kwamba nimemtukana mtu. Asali ya pombe imekwisha kutiwa kwenye vibuyu, akasema, pombe inachemka yenyewe, nani ataiambia ingoje? Ni kweli. Siku yake ikipita itachacha, na hakuna mzee atakayekumwagia kaburini pombe iliyochacha. Bodi nayo, nikiwaandikia kwamba pombe ya msiba wa baba yangu imeiva kwa hiyo wasogeze mtihani, watadhani nimeshaionja.

Nacheka, lakini mstari huo nimeufuta na kuuandika tena. Utaona mwandiko.

Baba, unaikumbuka ile pasi? Nilipomaliza chuo niliandika barua nyumbani kwamba nimemaliza na nimepata pasi. Ndiyo daraja la chini kabisa la mtu anayehesabiwa kuwa amefaulu. Chini ya hapo ni kufunga virago. Mwalimu alikusomea barua, nawe bila kuuliza ukaenda zako mnadani kutangaza kwamba chuo kimempa mwanao pasi. Ya mkaa, ukaongeza, yenye jogoo wa kufungia pale mbele. Nilipofika nyumbani nikakuta akina mama wamekaa uani na mashati ya waume zao, wananingoja niwanyooshee. Nilitamani ardhi ipasuke. Karani mmoja wa mnada ndiye aliyekueleza, mbele za watu, kwamba pasi yenyewe si ya nguo, ni alama, tena alama za mkiani. Watu wakaangua kicheko. Wewe ukaegemea fimbo yako, ukasubiri wamalize, ukaniambia, "Kumbe ni pasi ya karatasi. Haya, tumeiona. Sasa lete ya chuma."

Tangu siku hiyo hukuniuliza habari za kazi kwa namna nyingine. Nikija likizo, kabla sijakaa: ya chuma imefika wapi? Mama akawa anakukanya, muache mtoto anywe maziwa kwanza. Mimi nilikuwa nakasirika. Wenzangu wenye alama nzuri walichukuliwa na mabenki Arusha na Dar, mimi nikaangukia stoo ya shamba la ngano, nahesabu magunia na mapipa ya dizeli, na baba yangu mwenyewe ananidai chuma.

Mhasibu mkuu wetu, Bwana Shayo, ndiye aliyenitoa huko stoo. Aliniona nasoma kitabu cha hesabu za gharama juu ya magunia, akaniuliza nilipata nini chuoni. Nikamwambia kwa sauti ndogo. Akasema, "Bodi haitakuuliza hilo. Itakuuliza unajua nini leo." Nikajiandikisha wiki ile ile, kabla sijaogopa. Nilikuwa nafika ofisini mapema, kabla ya mtu wa kufagia, nasoma mpaka nisikie matrekta yanawashwa. Mimi si mwepesi, baba, unajua. Anachoelewa mwenzangu kwa kusoma mara moja, mimi nakirudia mpaka kurasa zilegee. Lakini kikishaingia hakitoki. Somo moja likapita, likafuata jingine. Nikapewa meza, halafu nikapewa kiti cha mhasibu.

Ulikuja kunitembelea pale mara moja tu. Mlinzi alikuzuia getini kwa sababu ya fimbo na shuka, ukamwambia umekuja kukagua mali yako, akakucheka, akakuachia. Ukakaa kwenye benchi ofisini kwangu ukiangalia ninavyovuta mkono wa mashine ya kujumlisha. Hesabu ilikuwa imekataa kulingana, nami nilikuwa nimelowa shati lote. Ukasema kwa lugha yetu, "Umekaa kivulini tangu asubuhi na bado unatoka jasho. Kazi gani hii?" Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba umeiheshimu. Ulivyoiuliza, uliiuliza kama kazi.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mtihani uliopita sikwenda kabisa. Ulikuwa umelazwa hospitali na daktari alikuwa hasemi wazi. Nikaacha mtihani, nikaja kukaa na wewe. Nilidhani utafurahi. Ulifungua macho, ukanitambua, ukauliza leo si ndiyo siku yenyewe? Nikasema ndiyo, lakini wewe unaumwa. Ukaniambia, "Mimi naumwa tumbo. Mtihani unaumwa nini?" Ukageukia ukutani. Jua lilizama umegeukia huko huko. Nilikaa pale nimeshika bakuli la uji, nina hasira na wewe, mtu mzima nusura nilie mbele ya wauguzi. Mwezi haukuisha ukafa. Nikabaki sina mtihani na sina baba.

Jana baba mdogo alikuja mwenyewe mpaka ofisini. Hakukubali kukaa. Hakunywa chai. Akasema, ukienda Arusha tutakaa bila wewe, tutagawa bila wewe, na usije ukatafuta nafasi yako baadaye. Usimfikirie vibaya, ni ndugu yako anayekulilia, naye hajui namna nyingine ya kulia. Kisha akaweka kibuyu kidogo cha maziwa mezani, akasema kimetoka kwa mama yako, akaondoka.

Ng'ombe siwataki, baba. Wagawane wote, mpaka yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Ninachoogopa ni kuzeeka Gendabi huku watoto wa ndugu zangu wakininyooshea vidole: huyu ndiye aliyemwacha baba yake kaburini akakimbilia karatasi. Halafu nageuka upande wa pili, najiona nimekaa stoo na mapipa yangu, kila mwaka mpaka nistaafu, na wewe umegeukia ukutani milele. Ipi nafuu? Niambie. Wewe ulikuwa huna tabia ya kunyamaza.

Mama Zaituni amekuja kuniambia kwamba kuna dereva wa lori amelipita basi limeharibika upande wa Singida. Huenda likaja, huenda lisije. Unajua nilichokisikia moyoni? Nafuu. Nikasema lisipokuja nimepona, nitakwenda Gendabi, hakuna atakayesema nilichagua. Nimeona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia.

Nimefungua kile kibuyu sasa hivi, maana tangu jana sijala. Maziwa ya mgando, yamefukizwa vizuri kama mama anavyofanya. Nimekunywa nusu ndipo akili ikaniingia. Baba, nani hupelekewa maziwa na nyumba anayokwenda kulala? Maziwa ya kibuyu kidogo hivi ni ya njiani. Ungekuwa unaenda kuchunga mbali, au mnadani Basotu, au kwa wakwe, ndipo ungefungiwa. Mtu anayerudi nyumbani hafungiwi kitu, anakuta chake kimewekwa. Mama anaomboleza, hawezi kutoka, hawezi kupingana na wazee. Amemtuma shemeji yake mwenyewe aniletee, na yule mzee ameyabeba njia nzima bila kujua amebeba nini. Au alijua? Sijui. Nimelia hapa mezani, Mama Zaituni amejifanya hanioni.

Basi limekuja.

Limejaa vumbi mpaka vioo havionekani. Utingo anapiga kelele Babati, Arusha, Babati, Arusha. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya mfuko wa vitabu.

Nakuaga hivi, baba, na ahadi yangu ni hii. Nifaulu, nianguke, mtihani ukiisha sipiti ofisini, nakuja moja kwa moja Gendabi. Nitakuja na asali, yote watakayonitoza wazee kwa kosa la kutokuwepo, na nitaibeba mwenyewe. Wakiniweka nje ya uzio nitakaa nje ya uzio mpaka wachoke. Baba mdogo nitampigia magoti. Kaburini kwako nitakuja peke yangu, wakiwa wamekwisha kutawanyika, nikueleze swali kwa swali nilivyojibu, hata kama hutaelewa, kama ulivyokuwa huelewi zamani ukanisikiliza hivyo hivyo.

Kama nakosea, nizuie. Wewe ndiye mwenye msiba, neno lako ni la mwisho. Pasua gurudumu, fanya lolote. Nimeweka mguu kwenye ngazi na nimesimama hapa kidogo makusudi, utingo ananitukana, nakupa nafasi.

Dereva ametia gia.

Hujanizuia, baba.

Mwanao mkubwa