Utafiti Unaoruhusu Ugoro

Jumanne usiku

Nimekuwa nikimficha Mama Kabula ugoro ndani ya kasha la miwani, ingawa daktari amenikataza kwa sababu ya moyo. Kila akinifuma namjibu, "Upo utafiti unaoruhusu, mke wangu, ila wanauuza kwa dola." Hapo ananiacha, maana dola hatuna.

Leo kanikokota hadi maktaba. Mkutubi, binti mpole kupita kiasi, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu. Siku hizi zipo makala huria za tiba, unasoma bila kulipa." Akabonyeza kompyuta, zikafunguka. Nilitamani umeme ukatike.

"Haya, msomi wangu, tafsiri," akasema Mama Kabula.

Kiingereza nimekifundisha hadi nikastaafu. Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jasho likanitoka.

"Wanasema... wazee wanaruhusiwa kidogo."

Mkutubi akaanza kukohoa.

Jioni hii mke wangu kaniwekea mezani kopo zima, ugoro mkali wa Lalago. "Nusa, baba, si mmeruhusiwa?" Kisha akakaa kunitazama.

Nimeshindwa hata kulifungua. Makala zote tatu zilisema niache, na mimi bado nataka kuishi.